Mrefu na Mfupi

Mchana huo ngazi za jengo la maduka zilifurika watu. Msusi wa ghorofa ya pili alirudi nyuma kumpisha mbeba magunia, akakalia chungu cha maua. Mwenye chungu, muuza miche aliyeitwa Nukta kwa ufupi wake, alimtazama dada huyo na udongo ulioganda kwenye gauni lake la njano, akasahau alitaka kumlaumu nini.

"Nimemwumiza huyu?" aliuliza msusi, akiunyoosha mmea.

"Mmea si mtu, dada. Sema huu."

Wakacheka. Msusi akaeleza kuwa anaishi peke yake, jioni hurudi yu hoi, anataka mmea usiodai mengi. Nukta akamtolea miwili: mrefu, wenye majani yaliyosimama kama panga, unaotosheka na maji mara moja kwa wiki mbili, na mfupi unaotambaa, wa majani yenye umbo la moyo, ambao ukiusahau hulegea, ukiunywesha huinuka siku hiyo hiyo. Akae nayo yote hadi mwisho wa mwezi, kisha arudishe mmoja.

Tangu hapo simu hazikukauka. Msusi alipiga kuuliza maji, akapiga kuuliza mwanga, mwishowe akawa anapiga kuuliza kama Nukta amekula. Nukta naye akaanza kupiga pasi shati la kuuzia miche. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ngazi nzima ilijua.

Jumatano Nukta alipanda kumpelekea msusi mbolea. Mlangoni pa saluni akamsikia akiongea na shangazi yake kwenye simu: "Nimeshaamua, shangazi. Yule mrefu nabaki naye. Mfupi namrudisha Jumamosi."

Yule! Tangu siku ile ya kwanza msusi hakukosea tena kusema huu. Basi huyo mrefu ni mwanamume, na mfupi ni nani kama si yeye? Akashuka na mbolea yake. Siku tatu simu iliita mpaka ikachoka. Moyo ulimuuma, lakini kiburi hakikumruhusu kupokea.

Jumamosi msusi akasimama mbele yake, mmea mfupi mikononi, macho mekundu.

"Nimekukosea nini, mpenzi wangu?"

"Mrefu wako hajambo?"

"Hajambo. Ametoa jani jipya."

Nukta akaduwaa. "Jani? Si ulimwambia shangazi yako 'yule'?"

Msusi akaketi juu ya gunia la udongo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kwako nasema huu ili usinicheke. Nyumbani naongea naye kila asubuhi, nitamwitaje?"

Aibu ikamshika Nukta. Hata hivyo aliuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi anaurudisha mfupi, na majani yake yamenawiri hivyo.

"Chumba changu kina nafasi ya mfupi mmoja tu."

Nukta akautazama mmea, akamtazama yeye. "Upi?"

"Sema yupi," msusi akamsahihisha, akamwekea mmea mapajani.