Kitambaa cha Kuchujia Asali

Asubuhi za nyumba ile ya Ipuli zilianza kwa kelele. Yustina alipokuwa akipanga nyanya zake tengani tayari kwenda sokoni, binti yake Gaudensia aliwasha blenda jikoni, na kuku wote wa uani wakaja mbio kusongamana mlangoni. Tangu lini kuku wakapenda kelele za blenda? Mama hakujiuliza. Alikuwa na haraka, na mawazo yake yote yalikuwa kwa Emilian.

Emilian alikuwa mdogo wake Gaudensia, mtoto wa darasa la kwanza ambaye zamani hakutulia hata usingizini. Malaria ilipompata mwezi wa tano, ilimwacha na upungufu wa damu. Sasa alikaa kizingitini, viganja vimempauka, akiwatazama wenzake wakicheza mpira. Mpira ukiviringika hadi miguuni pake, aliusukuma kidogo tu, kisha akahema. Inasikitisha kumwona mtoto mtundu amekuwa mpole kwa kukosa nguvu.

Nesi Elieth wa zahanati alimpa dawa ya kuongeza damu, akasisitiza pia chakula: maharage, dagaa, mboga za majani, na kila asubuhi kikombe cha juisi nzito.

"Chukua papai, ndizi, mchicha uliochemshwa kidogo, mbegu za maboga na maji ya limau. Saga vyote pamoja," alimwambia mama. "Na msichuje. Anywe hivyo hivyo."

Kazi hiyo akapewa Gaudensia, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, na mama alimkumbusha mara mbili kwamba juisi haichujwi.

Siku ya kwanza Gaudensia alifuata kila neno. Emilian alipiga funda moja, akatema.

"Dada, ina mchanga!"

Haukuwa mchanga, zilikuwa chenga za mbegu. Lakini Gaudensia aliitazama juisi ile ya kijani, nzito kama uji, akaona aibu kumpa mtu. Usimcheke. Yeye ni mtoto wa mrina asali. Baba yake, Kasimiri, hupanga mizinga yake misituni huko Usinge, na tangu akiwa mdogo Gaudensia alimsaidia kukamua masega kwa kitambaa cheupe mpaka asali ing'ae. Nyumbani kwao kitu safi kilikuwa kitu kilichochujwa. Kilichobaki kitambaani kilikuwa nta, mabawa ya nyuki na takataka.

Basi akakitungua kitambaa cha baba msumarini, akaikamua juisi mpaka tone la mwisho. Ikatoka nyepesi, ya kupendeza. Akaikoleza asali. Emilian akainywa yote, akalamba na kikombe. Makapi akawamwagia kuku.

Jioni mama aliuliza, "Mdogo wako kanywa juisi yake?"

"Kamaliza yote, mama."

"Hukuichuja?"

"Sikuichuja."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Kesho yake ikawa vigumu kulirudisha, na siku zilizofuata ikawa vigumu zaidi.

Siku ya kurudi zahanati ilipofika, Nesi Elieth alipima damu ya Emilian, akakunja uso.

"Imepanda kidogo mno. Dawa anakunywa?"

"Anakunywa, nampa mwenyewe," alijibu mama.

"Na juisi? Haichujwi?"

Mama alimgeukia Gaudensia. Gaudensia akatikisa kichwa kwamba haichujwi.

"Basi huenda kuna jambo jingine mwilini," alisema nesi taratibu. "Tumwangalie wiki mbili. Isipopanda, itabidi alazwe hospitali kubwa achunguzwe."

Walipofika nyumbani mama aliingia chumbani, na Gaudensia akamsikia akilia. Alitaka kuingia amwambie, lakini akaishia mlangoni.

Siku iliyofuata Kasimiri alirejea kutoka Usinge na ndoo zake za asali.

"Shikamoo, baba!" watoto walimpokea.

"Marahaba, wanangu. Emilian, mbona mwepesi hivi? Nimekubeba wewe au shati lako?"

Wote wakacheka, isipokuwa mama. Alimsimulia mumewe habari za zahanati, kisha akamkaangia mayai. Kasimiri alipokata yai kwa kijiko akashangaa. Kiini kilikuwa cha rangi ya chungwa, kimekolea.

"Mama Gaudensia, kuku hawa mnawalisha nini? Nimewaona hapo nje, wamenona, manyoya yanang'aa!"

"Pumba tu, baba Gaudensia. Nami nashangaa."

Emilian alinyoosha mkono kuomba kipande. Gaudensia akakiona kiganja cha mdogo wake kilivyopauka, pembeni mwa kiini kile kilichokolea. Hakuweza tena kuvumilia.

"Ni mimi!" akaangua kilio. "Nachuja juisi, mama. Makapi nawapa kuku. Nilikudanganya, na nesi nikamdanganya."

Mama alijishika kichwa. Kasimiri aliinuka, akakitungua kitambaa na kukinusa. Kilinuka papai.

"Makosa mengine ni yangu," alisema. "Nimekufundisha kuchuja, sikukufundisha kwa nini. Katika sega, chakula ni asali, nta siyo. Lakini kwenye juisi ya Emilian, mbegu zenyewe na nyama ya matunda ni chakula. Wewe umempa mdogo wako maji matamu, ukawapa kuku kifungua kinywa chake."

Siku hiyohiyo mama alimchukua Gaudensia hadi zahanati, akamtaka aseme mwenyewe. Alisema yote. Nesi Elieth alimshukuru, akawaambia waanze upya.

Kesho yake Gaudensia alikaanga mbegu za maboga, naye Emilian akazitwanga kinuni. Alipumzika kila baada ya mapigo machache, lakini alikataa kumpa mtu mchi mpaka zikawa laini kabisa. Wakasaga vyote, wakatia asali kijiko kimoja tu. Emilian akaonja, akakodoa macho.

"Leo haina mchanga!"

"Umeutwanga mwenyewe," Gaudensia alimjibu.

Wiki mbili zilipokwisha, Nesi Elieth alitabasamu kabla hata hajasema. Damu ilikuwa imepanda vizuri, na habari za kulazwa zikaishia hapo. Jioni ile Emilian aliufukuza mpira mpaka vumbi likatimka, akaanguka, akachubuka goti, akainuka akicheka. Gaudensia alimtazama huku machozi yakimlengalenga.

Mama akaja kusimama kando yake, akamshika bega.

"Matunda, mboga na mbegu ni nguvu, mwanangu, lakini lazima vifike tumboni kwa anayevihitaji. Ukweli nao ni hivyohivyo. Nesi alikuwa akitafuta ugonjwa mwingine mwilini mwa mdogo wako, kumbe ulikuwa kwenye jibu lako. Ukimwambia nesi, mwambie yote."

"Sitaficha tena, mama."

Asubuhi iliyofuata blenda ililia, na kuku wakaja mbio mlangoni kama kawaida. Wakasubiri sana. Emilian alitoka na kikombe kitupu, akawaonyesha ndani yake, akaenda zake kucheza.