Kitambaa cha Kufutia Matumbo

Ilianza na jeli. Mpimaji wa ultrasaundi aliibinya chupa juu ya tumbo la mgonjwa wa kwanza, akanusa yai viza. Kinywa kikamjaa mate. Mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi mitano, baada ya tatu kuharibika, na mjamzito, jamani, hunusa hata ya jirani.

"Mbona kunanuka, dada?"

"Jeli imezeeka. Tulia."

Kwenye kioo mtoto alikuwa mzima, moyo unadunda. Ila ubavuni pake palikuwa na donge la nywele, na katikati ya nywele, meno.

Mama mkwe wa mgonjwa, aliyesimama kichwani pa kitanda, akanong'ona, "Ni nini hicho?"

"Uvimbe tu, mama. Hutokea. Mwili hukosea, ukaotesha nywele na meno pasipotakiwa. Utatolewa. Hauna roho."

Ndipo meno yakaanza kutafuna, polepole, kama kibogoyo na nyama ngumu, na mpimaji alipoinama akaona yanachokitafuna ni kamba ya kitovu cha mtoto, na ile harufu ikapanda ikamkaa kooni mpaka akajitapikia mapajani, huku mama mkwe akimpiga mkwewe makofi ya tumbo na kulia kwa sauti ya chini, "Toka, mlaaniwa! Toka, si kwenu hapa!"

Likatoka. Kitovuni mwa yule mgonjwa pakachuruzika usaha wa manjano, vuguvugu, wenye kishungi cha nywele. Kwenye kioo akabaki mtoto peke yake.

"Ahsante Mungu," mama mkwe akasema, machozi yakimtoka.

Karatasi za kufutia zilikwisha tangu Jumatatu. Mpimaji akaufuta ule uchafu kwa kitambaa chake, akakisuuza, akakichomeka kiunoni kama siku zote.

Saa sita alikuwa bado ananuka. Alijimwagia maji, akabadili sare, wapi! Alipokichomoa kitambaa akakuta tumbo lake limelowa, na unywele mmoja umejikunja ndani ya kitovu. Akauvuta. Ukavutika, ukavutika, haukwisha.

Akafunga mlango kwa komeo, akalala kitandani, akajipima mwenyewe.

"Uvimbe tu," akajiambia. "Hutokea. Hauna roho."

Kwenye kioo, meno yakaacha kutafuna, yakamsikiliza.