Mafuta Gani, Mulamwa?

Skuta ililia mara moja, kilio chembamba kama cha kuku aliyekanyagwa, halafu gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka. Roda alihisi dunia ikienda upande. Matope yalimpokea kwa bega, na alipoinua kichwa alimwona Shikanga amelala ng'ambo ya njia, ameukumbatia usukani kama mtu anayemzuia mke asirudi kwao.

"Umevunjika, mulamwa?" Shikanga aliuliza.

"Sijui. Niangalie wewe. Mimi nakuona mko wawili."

Shikanga alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na kule kwao mulamwa ni mtu wa kutaniana naye hata matangani. Walikuwa wametoka upande wa Nandi, kwa Kipchirchir, rafiki yake Shikanga, ambako Roda alifuata chupa ya mafuta ya mbarika, yale mazito anayowapaka wateja wake wa saluni kichwani. Mvua ya usiku ilikuwa imebeba daraja la barabara kuu, basi wakaamua kukata msitu wa Kakamega kwa njia ya wapasua kuni, watokeze Shinyalu, kisha wateremke nyumbani Iguhu. Sasa walikuwa katikati ya msitu, miti imefunga mbingu juu yao, na mbega wamenyamaza kama watu waliosikia jambo la aibu.

Shikanga alikanyaga kiki. Haikushuka hata kidogo.

"Imekamata," alisema. "Pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda." Ilikuwa injini ya zamani, ile inayokunywa petroli na oili katika tangi moja, na ikikosa oili inajila yenyewe. Alifungua tangi, akachovya kidole, akanusa. "Hii ni petroli tupu! Si nilikutuma umuulize Kipchirchir kama ameweka mafuta?"

"Nilimuuliza. Akasema ameweka mpaka juu."

"Mafuta gani, mulamwa?"

Roda alikitazama kikapu chake. Petroli ni mafuta. Oili ni mafuta. Hata kilichokuwa kikapuni mwake ni mafuta. Aliyetuma alisema kweli, aliyeuliza alisema kweli, aliyejibu alisema kweli, na kweli hizo tatu zimezaa balaa moja. Sasa ukamate shingo ya nani?

Papo hapo mvua ilianguka. Si kunyesha, kuanguka. Matone yalipogusa injini yalichemka, na Shikanga akaruka. "Silinda itapasuka! Tuifunike!" Akanyoosha mkono wa kulia kwenye kichaka avunje tawi la majani. Tawi moja likawa hai. Lilikuwa la kijani kama mengine, lakini lilikuwa na macho. Alitoa mkono huku akipiga kelele, na kwenye kiganja, chini ya kidole gumba, palikuwa na matundu mawili yanayotoa damu nyembamba.

Roda aliirarua leso yake. "Nikukaze juu ya kiwiko?"

"Usikaze! Daktari alitufundishanga kanisani. Ukikaza mkono unaoza. Fungia kijiti tu, usitikisike. Nivue saa."

Alimvua saa, akamfungia kijiti. Simu zao zote mbili hazikuwa na mtandao. Mkono ulianza kuvimba wakiutazama, ngozi ikang'aa kama ya biringanya. Kumtembeza ilikuwa kuisukuma sumu moyoni.

"Kaa hapa," Roda alisema. "Naenda kutafuta watu."

Alifuata njia, akisikia mto mkono wa kushoto. Ukungu ulishuka. Muda kidogo akausikia mto mkono wa kulia, halafu akausikia mbele, halafu hakuusikia kabisa, na njia ikawa njia kwa sababu tu yeye ameikanyaga. Alitaka kurudi, lakini hakujua kurudi ni wapi. Ndipo akaona, kati ya miti, skuta nyingine! Kando yake mwanamume ameketi, ameinamisha kichwa.

"Hodi, ndugu yangu!" Roda alilia kwa furaha. "Asante Mungu! Kuna mtu wangu ameumwa na nyoka huko nyuma, tusaidie!"

Mwanamume aliinua uso. Damu ilikuwa imetanda kwenye fizi zake.

"Mulamwa," alisema Shikanga, "huyo mtu wako ni mzuri kama mimi?"

Roda alikaa chini matopeni. Alikuwa amezunguka mviringo akatokea upande wa pili. Alicheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, hata yeye hakujua kilipogeukia. Kisha akaona mstari mweusi unaotembea kuelekea miguu ya Shikanga. Siafu. Wamenusa damu. Alimshika kwapani, akamburuta mpaka juu ya gogo, akajifuta machozi kwa mkono wa matope.

"Tutaitengeneza hiyo injini."

"Nani?"

"Mikono yangu, kichwa chako."

"Kichwa changu kinavuja, mama."

"Basi nitakinga."

Shikanga alimwambia vifaa viko chini ya kiti. Roda akafungua plagi kama alivyoelekezwa, akamimina mafuta ya mbarika tunduni, yapenye pembeni mwa pistoni. Ilibidi wangoje. Shikanga alianza kusinzia, na Roda aliogopa usingizi ule kuliko nyoka.

"Kitendawili!"

"Tega," alijibu, macho yamefumba.

"Nyumba yangu haina mlango."

Mtoto wa chekechea angejibu yai. Shikanga alifikiri sana, jasho likimtoka katika baridi. "Kipchirchir," alisema.

"Umeshindwa. Nipe mji."

Aliyeshindwa hutoa mji, ndiyo sheria. Midomo yake ilitafuta. "Chukua… chukua Mumias."

"Mumias siutaki. Nipe mwingine."

"Lumakanda."

"Nifanye nini Lumakanda? Nipe Iguhu. Nipe pamoja na hospitali yake."

"Haya, chukua Iguhu yote. Na ng'ombe zake."

"Nimeichukua. Sasa lazima nifike, maana ni yangu. Amka unielekeze!"

Akatia gia ya juu, akaisukuma skuta mbele na nyuma, mbele na nyuma, akiteleza na kupiga magoti. Kitu ndani kilisema *tk*. Gurudumu likasogea. Alilegeza nati, akatoa kichwa cha injini, akaivuta silinda taratibu. Pistoni ilikuwa imechubuka upande mmoja, na alumini yake imejipaka ukutani mwa silinda kama ugali wa obusuma ulioungua chunguni. Ringi zilikuwa zimenata kwenye mifereji yake. Alizibembeleza kwa pini ya kusukia nywele mpaka zikacheza.

"Msasa," Shikanga alinong'ona. "Lete msasa."

Mfukoni mwa vifaa hamkuwa na msasa. Roda aliangaza huku na huku, na hatua chache kutoka gogoni akauona mti wa msasa wenyewe, majani yake yenye kukwaruza kama ulimi wa paka. Kwao wanawake husugulia vibuyu kwa majani hayo. Alichuma kiganja kizima, akatia mafuta, akaanza kusugua silinda kama anayeokoa chungu cha mama mkwe.

Shikanga alifumbua jicho moja. "Ni nini hicho?"

"Si umesema msasa?"

"Karatasi ya msasa, mulamwa! Ya dukani!"

"Ungesema karatasi."

Shikanga alicheka mpaka damu ikamtoka menoni. Halafu akaangalia. Alumini ilikuwa inatoka. Kidogo kidogo, weusi ukipungua, chuma kikionekana chini yake, laini. "Endelea," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Palipo laini usiguse. Pistoni pia, pale palipochubuka tu."

Kurudisha silinda kulikuwa kama kumvika mtoto fulana finyu. Ringi moja ikiingia, nyingine inatoka. Alizibana kwa kucha mpaka kucha zikavunjika, na alipokata tamaa zikaingia zenyewe, kama mtoto tena. Akakaza nati kwa kupokezana pande, asizikaze upande mmoja.

"Mafuta ya tangini niweke kiasi gani?"

"Mpaka… mpaka inukie kama vichwa vya wateja wako."

Alimimina. Mafuta yale mazito yalizama chini ya petroli, yakakataa undugu. Akaitikisa skuta kama anayetikisa kibuyu cha maziwa mpaka yakachanganyika. Akapiga kiki. Akapiga tena. Mguu ulipokuwa umeishiwa nguvu, injini ilikohoa, ikatapika moshi mweupe unaonuka saluni, ikawaka.

Lakini ilipiga kelele kali, ya juu, isiyotulia.

"Sikiliza," Shikanga alisema. "Hiyo inalia njaa. Ikilia njaa itakamata tena. Zungusha skrubu ya kabureta ishibe. Kulia."

Alizungusha kulia. Kelele ikapanda.

"Kulia, nimesema!"

"Hii ni kulia!"

Shikanga aliangalia mikono yake miwili, huu wa binadamu na huu wa biringanya, kama mtu anayeangalia mikono ya wengine. "Kulia ni upande gani?" aliuliza polepole.

Hapo Roda alijua kwamba kichwa alichokuwa akikitegemea kimeondoka. Aliinama, akaweka sikio karibu na injini, akazungusha kushoto kidogo kidogo. Sauti ilishuka. Ikawa nzito, yenye kukwama kwama, kama mzee aliyekula vizuri anayekohoa baada ya kiko. Akaiacha hapo.

Alimfunga Shikanga mgongoni pake kwa vipande viwili vya leso, kidevu chake begani. Hajawahi kuendesha chochote zaidi ya toroli. Klachi alikuwa amemwona mulamwa akiibana, gia akiizungusha kwa mkono, breki iko chini ya unyayo. Skuta iliruka, ikazima, ikawaka, ikaenda.

Na hapo ndipo adhabu ilipoanza. Mtu anakufa mgongoni pako na huwezi kukimbia. Injini iliyotoka kuchubuka haitaki mbio; ukiivuta inakamata, na ikikamata tena hakuna mafuta wala majani ya kuiokoa. Roda aliendesha mwendo wa kumpeleka bibi harusi, na kila alipotaka kuvuta, alijiuma mdomo. Mara njia iligawanyika. Alisimama, injini ikikohoa. Upande huu ukungu, upande ule ukungu. "Shikanga, wapi?" Ikaja pumzi tu, fupi fupi shingoni. Roda alitazama chini. Njia ya kushoto ilikuwa na kinyesi cha ng'ombe, kibichi bado. Jioni ng'ombe huenda kwa watu. Akashika ya kushoto.

Miti ilipungua. Mwanga ukaja kama mtu aliyefungua dirisha, na mbele yake yakawa majani chai, mabegi ya wachumaji, na mwanamke mmoja akipiga mayowe, "Aiii, huyu mama ameleta maiti!"

"Si maiti!" Roda alipiga kelele bila kusimama. "Iguhu ni wapi?"

Walimwelekeza wote pamoja, kila mtu kwa maneno yake lakini kidole upande mmoja, na safari hii alielewa.

Hospitalini walimpokea Shikanga kwa machela. Roda alibaki mlangoni ameshikilia skuta inayonguruma, moshi ukiwafunika wagonjwa wa benchi. Askari alikuja mbio.

"Mama, zima hiyo kitu!"

"Sijafundishwa kuzima."

"Nikuzimie mimi?"

"Usiiguse!" Hakujua kwa nini alisema hivyo. Alijua tu kwamba huyo aliyebebwa ndani aliingia sauti hii ikinguruma, na yeye hataki kuwa aliyeinyamazisha. Askari alimwangalia mikono, kucha na macho, akarudi kwenye kiti chake.

Wakamwekea Shikanga dawa, wakamwekea damu. Roda alikaa juu ya skuta. Ilikohoa, ikakohoa, ikavuta pumzi ndefu, ikanyamaza. Alikanyaga kiki, akakanyaga tena. Hakuna. Hakuthubutu kuutazama mlango.

Mlango ulifunguka. Muuguzi mwembamba alisimama, glavu bado mkononi.

"Mulamwa wake ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Huyu mtu wenu hajui leo ni siku gani. Hajui mimi ni nani. Ananiita Kipchirchir. Lakini sasa hivi ameshtuka, anataka kushuka kitandani, anauliza, nani amezima? Nimwambie nini?"

Roda alijifuta uso kwa kipande cha leso kilichobaki, akashuka, akaipigapiga skuta ubavuni kama ng'ombe aliyekamuliwa.

"Mwambie imelala njaa tu," alisema, akitangulia ndani. "Hapana, nitamwambia mwenyewe."