Gari la Watu Saba

Kinyozi alikuwa na gari dogo la viti vitano na familia isiyoacha kukua. Kila asubuhi, kuwapakia watu ndani ya gari lile kulikuwa kama kufunga sanduku lililojaa nguo kupita kiasi. Mama yake alikaa mbele kwa sababu ya magoti yake. Mkewe alikaa nyuma na binti yao mkubwa, pamoja na mapacha wa miaka mitatu. Pacha mmoja alipata kiti, mwenzake alipakatwa. Na sasa mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita, kwa hiyo hata mapaja ya kupakatia yalianza kuadimika.

"Huyu anayekuja tutamweka wapi?" mkewe alimwuliza siku moja waliposhuka. "Juu ya paa?"

Kinyozi alicheka, lakini neno lile halikumtoka kichwani. Siku hiyo akiwa kazini alimnyoa mteja ndevu ambazo mwenyewe alitaka zipunguzwe tu. Aliomba radhi, hakumtoza kitu, kisha akafunga duka mapema akaenda kutafuta gari la viti saba.

Katika yadi ya magari, hakuchukua muda kulipenda moja. Gari lilikuwa rangi ya fedha, refu, limepigwa shampuu hadi unaweza kujitazama mlangoni. Ndani lilinukia kama duka la manukato. Dalali alimfungulia mlango wa dereva, akamwacha akae peke yake kidogo. Kinyozi alishika usukani akajiona anaingia mtaani kwao, majirani wanachungulia madirishani. Dalali alirudi akamwambia kwa sauti ya chini kuwa kuna mtu mwingine analitaka, anakuja jioni. Kama atatanguliza chochote, atamfichia.

Kilichomwokoa ni kwamba akiba yao ilikuwa benki, na haitoki bila sahihi ya mkewe. Akaomba apewe hadi kesho.

Nyumbani alilisifu gari lile kuliko dalali mwenyewe. Mkewe alikuwa karani wa shule, mtu wa kusikiliza kwanza. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza mambo matatu. Kila kiti kina mkanda unaofanya kazi? Injini umeiona ikiwashwa ikiwa baridi? Hati zake umezisoma? Kinyozi hakuwa ameangalia hata moja. Alikasirika kidogo, kama mtu anavyokasirika akiulizwa swali zuri.

"Basi twende na Bi Spana," mkewe alisema.

Bi Spana alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu. Alitengeneza mabasi kwa miaka ishirini. Jina lile alibandikwa na mafundi wenzake, naye akalipenda. Kinyozi hakufurahia wazo hilo. Alijihisi kama mwanafunzi anayerudishwa shule akiwa na mzazi. Lakini alikubali.

Walifika yadi asubuhi na mapema bila kutoa taarifa. Bi Spana hakulitazama gari kwa mbali. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti.

"Limepoa. Vizuri," alisema. "Gari lililopashwa moto kabla hujafika huficha ugonjwa wake. Likiwashwa baridi, ndipo husema ukweli."

Aliomba liwashwe. Lilikohoa mara mbili, likatoa moshi mzito, kisha likatulia. Bi Spana alitoa chupa ya manukato iliyokuwa ikining'inia kwenye kioo, akaiweka nje, akawaambia wote waingie ndani na kufunga madirisha. Walikaa humo kama wasafiri wanaosubiri basi lijae. Baada ya dakika chache Kinyozi alianza kuinusa harufu nyingine. Ilikuwa harufu ya gunia lililosahauliwa kwenye mvua.

Kisha Bi Spana akajipenyeza hadi viti vya nyuma kabisa. Mkanda wa kwanza haukuvutika. Wa pili aliuvuta polepole mpaka ukaisha. Akawaita waje waone. Sehemu ya mwisho ya mkanda, ile ambayo hujificha ndani siku zote, ilikuwa na doa la tope la kahawia lililonyooka kama mstari wa rula.

"Maji yalifika hapa," alisema. "Hili gari lilizama. Walisafisha viti, wakabadilisha zulia, wakapaka rangi. Mkanda hawakuufikia. Maji yakishaingia kwenye nyaya, leo taa zitawaka, kesho hazitawaka. Keshokutwa litazimika njiani ukiwa na watoto."

Dalali alisema yeye aliletewa tu, hakuwa na habari hizo. Bi Spana hakubishana naye. Alimshukuru kwa kuwaruhusu walikague, akamrudishia chupa yake.

Njiani masikio yalimwaka Kinyozi kwa aibu. Mwishowe alisema, "Mimi nilikaa ndani ya gari lile nusu saa. Sikuona kitu."

"Hukuona kwa sababu hukujua pa kutazama," Bi Spana alimjibu. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wewe mtu akikaa kwenye kiti chako na kofia, humnyoi juu ya kofia. Unamwambia aivue. Gari nalo ni hivyo hivyo."

Mkewe alicheka mpaka akashika tumbo. Kinyozi naye, alipotaka kununa, akashindwa.

Kuanzia hapo hakuwa na haraka. Kwa wiki nne walitazama magari matano. Kwa kila gari walifanya vilevile: walikwenda mchana, injini ikiwa baridi, wakavuta kila mkanda na kukaa kwenye kila kiti. Moja liliwapendeza sana, lakini safu yake ya nyuma ilimtosha mtoto mchanga tu, na mtoto mchanga hakai huko.

La tano lilikuwa la mkunga mmoja aliyekuwa akistaafu. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka, na mlango mmoja ulikuwa na mkwaruzo mrefu. Kinyozi aliutazama mkwaruzo ule moyo ukamshuka. Lakini mkunga aliwapa daftari. Humo alikuwa ameandika kila mara alipobadilisha oili, breki, na betri, pamoja na tarehe. Mkewe alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kama anayesahihisha ripoti. Kisha alilinganisha namba iliyogongwa kwenye chuma cha gari na namba iliyoandikwa kwenye hati. Zilikuwa sawa. Siku iliyofuata alikwenda ofisi ya usajili kuhakikisha gari ni la mkunga kweli na halina kesi.

Bi Spana aliwaambia waliendeshe wakiwa wote. "Dereva peke yake si mzigo," alisema. Basi mama yake Kinyozi alipanda safu ya kati, polepole, akasema ngazi ya mlangoni haimsumbui. Binti mkubwa aliingia nyuma, magoti yakapata nafasi. Walipanda mlima, wakapita barabara mbovu. Bi Spana alifumba macho akisikiliza. Alisema matairi mawili yamekwisha, mengine ni mazima. Mkunga alikubali kupunguza bei, nao wakabadilisha matairi kabla ya kitu kingine chochote.

Mtoto alizaliwa wiki sita baadaye, msichana mwenye nywele nyingi. Familia nzima ilikwenda hospitali kumchukua yeye na mama yake, na hakuna aliyebaki nyumbani. Mapacha walifungwa kwenye viti vyao vya watoto. Binti mkubwa alijifunga mwenyewe huko nyuma, akatangaza kwamba yuko tayari.

Bibi yao alikuwa amekwisha kaa safu ya kati, mikono ameinyoosha. "Nipe mjukuu wangu nimpakate," alisema.

Kinyozi alimweka mtoto kwenye kiti kidogo kinachotazama nyuma, karibu na bibi. Alikaza mikanda, akapitisha vidole viwili kuona kama imelegea.

"Mama, huyu ana kiti chake."

"Wewe nilikupakata safari zote, ukakua."

"Ndiyo, mama. Mungu alitusaidia. Lakini breki ikikanyagwa ghafla, mikono haimshiki mtoto, hata iwe mikono yako."

Mama yake aligeuza uso dirishani. Mkewe Kinyozi, kutoka kiti cha mbele, alimtazama mumewe. Kinyozi aliketi kwenye usukani akangoja. Hakuwasha gari. Nyuma yao dereva mwingine alipiga honi, naye akamwashiria kwa mkono apite.

Taratibu, mama yake aliuvuta mkanda wake mwenyewe, akaufunga. Kisha alinyoosha kidole kimoja kwenye kile kiti kidogo. Mtoto akakishika, akakikaza.

"Haya, twende," bibi alisema. "Lakini polepole. Nimeshikwa."