Sahani Ambayo Sikuiagiza

Ndimu ndizo zilizonichelewesha. Mama mmoja sokoni Rumonge alinishika robo saa nzima akizibonyeza moja moja, kisha akaenda zake bila kununua hata moja. Nilimsindikiza kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Nikafunga kapu langu la nyanya na ndimu, nikapanda nyuma ya baiskeli ya abiria, nikaelekea kwa Mtaliano jua likiwa limeshagusa milima ya Kongo.

Kwa Mtaliano ni mkahawa wa ufukweni mwa ziwa, nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Minago. Vitambaa vyeupe mezani, mishumaa ndani ya glasi, sahani kubwa zenye chakula kidogo. Wanaokula pale ni watu wa magari, wanaoshuka kutoka Bujumbura Jumamosi na Jumapili. Miaka miwili niliwapelekea samaki, sangala na mukeke, kwa mlango wa nyuma, na sikuwahi kukalia kiti chao hata kimoja. Mimi Zuwena ni mtu wa kiburi, sifichi. Jambo hilo liliniuma.

Lakini wakati huo nilikuwa nimeacha kuuza samaki.

Kaka yangu Rachidi alikuwa na siku kumi na tisa ndani ya ziwa.

Walitoka wanne kuvua ndagala, dagaa wa kwetu, kwa taa. Upepo ukapindua mtumbwi, wakarudi watatu. Mwili haukuonekana. Na kwetu, tangu enzi za bibi zetu, mtu akizama na mwili wake haujapatikana, watu wa nyumba yake hawali kitu kilichotoka majini. Ukila, umepokea malipo. Ziwa likishakulipa, halirudishi tena.

Basi tulikuwa tunakula maharagwe na mboga ya lengalenga, asubuhi na jioni, wanawake watatu: mama, mimi, na Mariyamu, mke wa Rachidi, mwenye mimba ya miezi saba. Mama hakutaka kusikia habari ya matanga. Alitaka kitu kimoja tu. Mwanawe aoshwe, avikwe sanda, alazwe kaburini akielekea kibla. Nami nilikitaka hicho hicho, wallahi.

Nilipofika, mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Nikabisha. Kimya. Nikazunguka mbele na kapu langu kichwani.

Mhudumu alikuwa amesimama kati ya meza. Shati jeupe, suruali nyeusi. Sikumjua, lakini pale wahudumu hubadilika kila mwezi.

"Amahoro, dada," akasema polepole. "Kaa. Chakula yako iko tayari."

"Mimi naleta nyanya tu. Chef Hyacinthe iko wapi?"

"Iko mu cuisine. Kaa, dada."

Akavuta kiti. Mshumaa mmoja tu ulikuwa unawaka, kwenye meza hiyo, ya mbele kabisa, inayotazama maji. Nikafikiri, Hyacinthe amenihurumia. Amejua nimekonda. Kiburi changu kikanikalisha kabla sijamaliza kufikiri.

Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Nikasema, umeme umekatika. Kulikuwa na harufu ya tope pia. Nikasema, ziwa liko karibu. Mikono ya shati lake ilikuwa imelowa mpaka viwikoni, na vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimekunjamana. Nikasema, ameosha vyombo. Mtu akitaka kukaa, hakosi sababu.

Akaweka sahani mbele yangu. Pete nyeupe nyeupe, laini, zimelala ndani ya mchuzi wa nyanya na vitunguu saumu.

"Hii ni samaki ya hapa?" nikauliza.

"Hapana. Iko ya bahari. Inakuja na ndege."

Kalamari! Nilikuwa nawajua. Hyacinthe aliwahi kunionyesha, wamegandishwa ndani ya boksi, wagumu kama matofali. Nami nikajitolea fatwa yangu mwenyewe pale pale: bahari si ziwa. Mwiko ni wa maji yaliyomchukua Rachidi, maji ya kwingine hayatuhusu. Siku kumi na tisa za maharagwe, msomaji wangu, zinamfanya mtu kuwa sheikh.

Nikala.

Ilikuwa tamu. Nasema ukweli, ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kuonja. Adhana ya magharibi ikasikika kutoka mjini, nami nikaendelea kutafuna. Yule mhudumu alikuwa amesimama nyuma yangu, hasogei. Nilisikia maji yakidondoka sakafuni.

Ta... ta... ta...

Ndipo kitu kikanasa kwenye meno. Nikakivuta kwa vidole. Kikaja, kikazidi kuja, mpaka kikafika urefu wa kiganja.

Uzi wa buluu. Wenye fundo.

Nimeshona nyavu tangu nikiwa na miaka saba. Ule ulikuwa uzi wa nyavu zetu za ndagala. Na kalamari wa kwenye ndege hajawahi kuzijua nyavu zetu.

"Umeshiba, dada?"

Alinong'ona sikioni kabisa. Pumzi yake ilikuwa baridi. Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa. Nilitaka kulia, sauti ikakataa. Ulimi peke yake ndio uliotii, ukafanya ulivyofundishwa nyumbani tangu utoto, kwamba aliyekulisha hujibiwa kwa adabu.

"Nimeshiba," nikasema. "Murakoze."

"Basi," akasema. "Basi tumemalizana."

Nikasikia hatua zake. Chwa... chwa... chwa... Hazikuelekea jikoni. Nilipopata nguvu ya kugeuka, sikumwona mtu. Kulikuwa na nyayo za maji sakafuni, zimeshuka ngazi, zimepita mchangani, zimeingia ziwani.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Hyacinthe akatokea na tochi na funguo mkononi.

"Zuwena? Nani amekufungulia? Leo tumefunga, patron iko Bujumbura. Mimi nimekuja kuangalia frigo tu."

"Mhudumu wako... amenipa kalamari."

"Muhudumu gani? Na kalamari iliisha, sasa ni wiki mbili." Akamulika meza. "Sahani ni yetu, lakini moto leo haujawashwa."

Nikamwonyesha ule uzi. Hyacinthe ni mtoto wa pwani hii hii, baba yake alikuwa mvuvi. Hakuushika.

"Alikuuliza kama umeshiba?"

"Aliniuliza."

"Ukamujibu nini?"

Nikaitazama sahani. Akavuta kiti, akakaa, mkono mdomoni.

"Nenda kwenu," akasema. "Nenda mbio."

Nilikimbia. Kapu nililiacha kule. Ufukweni karibu na kwetu watu walikuwa wamejaa, na katikati yao mama amesimama bila kanga ya kichwani. Mbele yake alipiga magoti Waziri, mmoja wa wale watatu walionusurika. Alikuwa amelowa mwili mzima, analia kama mtoto.

"Nilimuona, mama. Hapa hapa karibu, adhana ikiadhiniwa. Alikuwa anaelea, uso juu, anakuja mwenyewe. Nilimushika, mama! Nilimushika shati. Kisha kitu ikamuvuta chini."

Akafungua kiganja. Kulikuwa na kifungo kimoja na kipande cha kitambaa.

Siku kumi na tisa. Alikuwa anarudi. Alikuwa amefika.

Mama hakulia. Alitugeukia, mimi na Mariyamu.

"Kuna mutu amekula mu nyumba yangu."

Macho yake yalinipita, yakatua kwa Mariyamu, ambaye juzi yake alikwenda kwa wazazi wake Minago. Kule wanaanika ndagala mpaka mlangoni.

"Kwenu walikupa nini?"

"Muhogo, mama. Muhogo na maharagi. Haki ya Mungu."

"Mu nyumba ya ndagala ulikula maharagi?"

"Nimeapa, mama!"

"Toka kwangu."

Mariyamu akanigeukia, mikono juu ya tumbo lake.

"Wifi, nisemee. Wewe unanijua."

Nilifungua mdomo. Namshuhudisha Mungu, niliufungua ili niseme. Maji yakajaa kinywani, baridi, yenye ladha ya mafuta ya taa, yakapanda mpaka puani. Nikayameza. Nikafungua tena, yakajaa tena. Siku nyingine naamini ni ziwa lililoniziba mdomo. Siku nyingine najua nilimwogopa mama tu, na yale maji yalikuwa mate yangu mwenyewe.

Mariyamu aliondoka kwa miguu kuelekea Minago, furushi la nguo kichwani, tumbo mbele. Hakuna aliyemsindikiza.

Mama alinishika mkono, tukaingia ndani. Akanivuta kifuani kwake, akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya upepo.

"Nimebaki na wewe tu, mwanangu," akasema. "Wewe peke yako ndiyo hukumuuza kaka yako."