Kituo cha Msufi

Kila asubuhi Fathiya alikuta kuta za chumba cha hoteli zinatoka jasho. Ndivyo majira ya kuchipua yalivyokuwa Guangzhou, Uchina: shuka mbichi, kioo kimefunga ukungu, na nguo zilizofuliwa juzi bado hazijakauka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na baba yake, Hafidh, mfanyabiashara wa nguo kutoka Unguja, alikuwa amemleta kutembea wakati wa likizo.

Hafidh alikuwa na utaratibu wake. Alifunga mlango kwa komeo, akajidunga sindano ya insulini tumboni, akanywa uji wa mchele, kisha akatia mfukoni kifuko cha pipi za glukosi. Mjini mle, Fathiya peke yake ndiye aliyejua.

"Wakijua nina kisukari, watasema huyu hamalizi mwaka," baba alimwambia. "Watanipa mzigo mbovu, maana hawatarajii nirudi kulalamika. Funga mdomo, mwanangu."

Hakuwa akizua. Soko lina ukatili wake, na ukatili huo unanenepa kwa sababu kila anayeumizwa nao ananyamaza.

Baada ya uji walipanda basi. Fathiya alizisoma namba za mabasi bila taabu, lakini majina ya vituo yaliandikwa kwa herufi za Kichina, kwa hiyo njia aliishika kwa macho. Walishuka kwenye msufi mkubwa usio na jani hata moja, umejaa maua mekundu, wakapanda basi jingine hadi Shahe, kwenye soko la nguo za jumla. Baba alizoea kusinzia njiani.

"Baba, amka. Msufi huo."

"Huyu ndiye kondakta wangu," Hafidh aliwaambia wenzake hotelini, na Fathiya alivimba kichwa.

Siku moja laoban, yaani mwenye duka kule Shahe, alipiga simu hotelini mapema: mzigo unapakiwa, njoo sasa hivi. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku kucha. Hafidh alijidunga sindano, akavaa viatu, akatoka. Fathiya alibaki kufua. Alipotoka bafuni aliona bakuli la uji limejaa, halijaguswa. Pembeni yake kilikuwa kifuko cha pipi.

Daktari wa nyumbani alishawaeleza: sindano bila chakula hushusha sukari mwilini, na mtu huweza kuzimia, hata kufa. Na kule sokoni nani angejua la kumfanyia?

Alikinyakua kifuko, akashuka ngazi mbio. Mapokezi alikutana na Njoki, mfanyabiashara wa Nairobi aliyekaa chumba cha jirani.

"We msichana, mbio hizo za wapi?"

"Nampelekea baba kofia yake, anti."

"Kofia ndiyo inakutoa pumzi hivyo? Ngoja basi huyu karani akuandikie majina ya vituo kwa Kichina. Ukipotea utaonyesha watu."

"Hakuna haja, anti. Njia naijua."

Ndani ya basi alibandika uso dirishani. Watu walisimama, lakini kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu, kama kila siku viti vya karibu na yeye na baba vilivyobaki vitupu, wenyeji wakikwepa kukaa na wageni. Alisubiri wekundu wa msufi. Yalipita maduka, likapita daraja, ikapita mitaa ambayo hakuwahi kuiona. Wekundu haukutokea.

Alishuka kituo kilichofuata. Akamshika mkono mwanamume mmoja, akamwambia "Shahe, Shahe." Yule alitikisa kichwa, akaenda zake. Fathiya alimwona baba yake akilini, ameanguka, watu wanamruka. Machozi yalianza kumtoka. Karatasi ya karani ilikuwa jambo la dakika moja tu, naye ameikataa kwa mikogo.

Ndipo alipoona bibi mmoja amechuchumaa kando ya njia, anaanika kitu juu ya gazeti. Yalikuwa maua mekundu ya msufi, kapu zima. Fathiya alielewa: mvua imeyapukutisha, na bibi ameyaokota ayakaushe ya kupikia chai. Yeye alikuwa akitafuta maua ambayo hayako tena mtini.

Alichukua ua moja, akalielekeza huku, akalielekeza kule, mabega juu. Bibi alianza kucheka, kisha akayaona machozi yake, akaacha. Akanyoosha kidole kule basi lilikotokea, kisha akaonyesha vidole viwili.

Fathiya alikimbia. Baada ya vituo viwili akaukuta msufi, matawi matupu, na chini yake maua yaliyokanyagwa. Basi la Shahe lilikuwa likifunga mlango; akagonga, likafungua.

Dukani, watu walikuwa wamekusanyika. Hafidh alikaa sakafuni, kaegemea marobota, jasho linamtiririka, maneno yake hayaeleweki.

"Amelewa huyu," alisema Harun, mfanyabiashara wa Mombasa. "Na asubuhi yote hii."

Fathiya aliupenya umati. Alikumbuka onyo la baba. Kisha akasema kwa sauti ambayo duka zima liliisikia.

"Baba yangu hajalewa. Ana kisukari. Hajala."

Alimtia pipi mdomoni, na nyingine. Harun, aibu imemshika, akakimbia kutafuta soda. Polepole macho ya Hafidh yalimtambua binti yake.

"Msufi uliuona?" akauliza.

"Nilipotea, baba."

Jioni Njoki alikuja na chungwa mkononi. "Haya, kofia ilimfikia mwenyewe?" Fathiya aliinama, akaeleza yote. Njoki alikaa kitandani bila kukaribishwa.

"Nisikilizeni nyinyi wawili. Wewe, Hafidh, unaona haya kusema unaumwa. Mtoto naye anaona haya kusema hajui njia. Leo haya hizo zingetuletea maiti. Mtu wa kukuonea kwa sababu unaumwa, aibu ni yake. Sema, tukujue, tukuangalie."

Hafidh alilipokea lile chungwa. "Kweli, dada. Mtoto aliniiga mimi."

Asubuhi iliyofuata alikula kwanza, mlango wazi. Fathiya alirudi kutoka mapokezi na kadi mbili zilizoandikwa Kichina. Ya kwanza ilikuwa yake, ina majina ya vituo. Ya pili akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati la baba.

"Hii inasema nini?"

"Nina kisukari. Nikianguka, nipeni sukari."

Hafidh aliigeuzageuza, kisha akairudisha mfukoni, maandishi yakichungulia nje.