Farasi wa Seneta

Kila asubuhi kabla ya shule, Puseletso alimpeleka farasi wa babu yake malishoni. Babu alikuwa chifu mkuu, na kwa uchifu wake alikuwa pia seneta. Siku za Bunge alikaa mji mkuu, Maseru. Ijumaa alirudi milimani kwa basi.

Alhamisi moja malisho yalikuwa makavu. Ng'ambo ya kijito nyasi za kuezekea nyumba zilifika kiunoni, ila hakuna mnyama aliyeruhusiwa kuingia humo hadi chifu atangaze ruhusa.

"Aliyekataza ni babu, na farasi ni wa babu," Puseletso alijiambia. "Kuna ubaya gani?" Akamwachia farasi ale hadi ashibe.

Jumamosi watu walikusanyika barazani kwa chifu. Mlinzi wa malisho alikuwa amemkamata farasi wa 'Mamotlatsi, mjane, akidai ndiye aliyekula nyasi zilizokatazwa, akamfungia zizini.

"Jamani, farasi wangu hakuvuka maji!" 'Mamotlatsi alilalamika. "Sasa mahindi nitayabeba kwa meno hadi mashineni?"

"Basi alama za kwato zilivuka zenyewe?" mlinzi alimkejeli. Watu wakacheka.

Puseletso hakucheka. Masikini, yule mama alikuwa analia kweli! Lakini akisema, si atamwaibisha babu mbele ya kijiji kizima? Akasimama hivyo hivyo.

"Babu, ni mimi. Aliyekula ni farasi wako."

Watu wakamgeukia chifu.

"Yaishe, Chifu," mlinzi alisema haraka. "Huyu ni mtoto, na farasi mwenyewe ni wako."

"Ndiyo maana hayawezi kuisha," babu alijibu. "Mfungulie mama farasi wake. Wangu mfungie pale pale." Akamgeukia mjane. "Mama, tumekukosea. Tuwie radhi."

Jumatatu, farasi wake akiwa bado zizini, babu alikwenda kituo cha basi kwa miguu, akichechemea. Puseletso alimbebea begi huku machozi yakimtoka.

"Goti linauma, babu?"

"Linauma mno!"

Nyuma yao 'Mamotlatsi akaja na farasi wake aliyebeba gunia la mahindi. Alisimama, akalishusha gunia kando ya njia.

"Panda, baba. Mahindi yatanisubiri."

Babu alicheka, akakataa, akasihiwa, mwishowe akapanda.

"Umeona, mjukuu wangu?" alisema kutoka juu. "Kule Maseru tunatunga sheria. Isipomfunga farasi wangu, haina haki ya kumfunga wa mama huyu. Na usingesema kweli, leo ningemtazama kwa macho gani?"